Skafu Nene Haitoshi: Kukinga Shingo na Uso Ukiwa Kwenye Pikipiki Wakati wa Baridi

SWALI: Naendesha pikipiki kwenda kazini kila siku, hata majira ya baridi yakipamba moto. Natoka alfajiri, joto likiwa karibu na nyuzi 0, na sehemu kubwa ya njia yangu ni barabara kuu. Mikono na miguu nimeimudu. Taabu iko kuanzia kifuani kwenda juu: shingo inakakamaa, kidevu na mashavu vinachoma, na nikijifunga skafu ya sufu hadi puani, kioo cha helmeti kinajaa ukungu nisione mbele. Helmeti yangu ni ya kufunika uso mzima. Je, ninunue skafu nene zaidi, au nibadilishe helmeti?

JIBU: Usiongeze unene, na helmeti iache kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, kinachokutesa ni upepo unaopenya, na sufu iliyofumwa haina uwezo wa kuuzuia. Sufu hutia joto kwa kushika hewa tulivu katikati ya nyuzi zake. Ukisimama kituo cha basi hewa hiyo hubaki palepale, ukaona raha. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa inafagiliwa yote, inaingia nyingine ya baridi, nayo inafagiliwa, hivyo hivyo mpaka ufike. Ndiyo maana utamkuta mtu kajizungushia skafu mbili, shingo imevimba, na bado meno yanagongana.

Tupige hesabu kidogo. Tangu 2001 Marekani na Kanada zinatumia kanuni moja ya kukadiria baridi ya upepo, yaani jinsi ngozi iliyo wazi inavyopoteza joto inapopigwa na upepo. Kanuni hiyo ilitokana na kupima nyuso za watu waliojitolea, kwa hiyo inalifaa swali lako vizuri. Kwa nyuzi 0 na upepo wa kilomita 40 kwa saa, uso ulio wazi hupoa kana kwamba hewa iko nyuzi 7 chini ya sifuri. Kwa kilomita 80 ni kama nyuzi 10 chini ya sifuri. Kwa 110, kama nyuzi 11. Utaona kwamba kipigo kikubwa kinakuja mapema, kisha ongezeko linapungua. Anayeshusha mwendo kutoka 80 hadi 40 anajiokolea nyuzi 2 au 3 tu, na anakaa barabarani muda maradufu akiendelea kupigwa. Anayeziba mwanya wa vidole viwili chini ya kidevu anaondoa upepo wote mahali hapo, kwa mwendo wowote.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuutafuta mwanya. Vaa kila kitu unachovaa asubuhi, panda pikipiki ikiwa imesimama, shika usukani kama unaendesha. Sasa pitisha kidole kuzunguka shingo, kati ya ukingo wa chini wa helmeti na kola ya jaketi. Fanya hivyo ukitazama mbele, kisha ukigeuza kichwa kulia, kushoto, na ukiinua uso kidogo kama anayesoma bango la barabarani. Popote kidole kinapogusa ngozi, upepo unapita hapo. Kwa waendeshaji wengi ninaowaona, nyuma ya shingo huwa pamefungwa vizuri tu. Palipo wazi ni koo, na ile pembe chini ya sikio ambayo hufunguka kila mara unapogeuka kuangalia gari linalokuja nyuma.

Koo ndilo lenye matatizo kwa sababu upepo haukupigi kutoka mbele tu. Unagonga taa na tanki, unapanda kifuani, unajipenyeza chini ya kidevu na kuingia ndani ya helmeti. Huko ndiko unakotoka ule mchomo wa kidevu na mashavu unaoulalamikia, ingawa kioo umekifunga. Watu hudhani kioo kinavuja, wakaanza kukibandika gundi ya karatasi, kumbe mlango uko chini.

Kitu cha kuziba mwanya huo ni skafu ya mviringo: kile kitambaa cha duara kisicho na ncha, unachokipitisha kichwani kikakaa shingoni. Tafuta chenye sehemu mbili. Inayogusa ngozi iwe nyepesi na laini, ya sufu ya kondoo wa merino, hariri, au polista ya mazoezi. Ya nje, hasa mbele na pembeni, iwe kitambaa kilichotengenezwa kuzuia upepo. Kukipima ni rahisi: kibane mdomoni, puliza kwa nguvu, weka kiganja upande wa pili. Ukihisi pumzi yako, upepo wa barabara kuu utapita bila kubisha hodi. Flisi ya kawaida hufeli jaribio hili, ingawa inaonekana nene na ya joto. Pamba hufeli vibaya zaidi, kwa sababu nyingine: inakunywa jasho na pumzi, ikishaloa inabaki imelowa, na kitambaa kilicholowa kinanyonya joto la ngozi upesi. Neoprini, ule mpira laini wa nguo za wapiga mbizi, inazuia upepo barabara, lakini haipumui, na baada ya muda mfupi utakuta maji yametanda upande wa ndani. Mimi huipendekeza kwa safari fupi tu.

Urefu ni jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Skafu nyingi za mviringo huishia juu ya mtulinga, na mara tu unapogeuza kichwa zinachomoka kwenye kola. Chagua inayoshuka hadi kifuani, au ile yenye kipande cha mbele kinachoning'inia kama bibu ya mtoto. Kipande hicho ndicho kinachoishikilia. Kisha zingatia mpangilio: nguo ya ndani kwanza, skafu juu yake, halafu kola ya jaketi inafungwa juu ya skafu mpaka mwisho wa zipu. Ukiiacha skafu nje ya kola, mvua itakayoiloa itateremka nayo taratibu hadi kwenye nguo zako za ndani. Ikiwa kola yako haifungi kwa sababu ya unene wa skafu, basi skafu ndiyo yenye kosa. Kola iliyofungwa juu ya kitambaa chembamba inashinda kola iliyo wazi juu ya kitambaa kinene, kila siku ya wiki.

Hiyo skafu yako ndefu ya sufu, tafadhali iache nyumbani. Mnenguaji mashuhuri Isadora Duncan alifariki mjini Nice, Ufaransa, Septemba 1927, skafu yake ndefu iliponasa kwenye gurudumu la gari la wazi alilopanda. Kwenye pikipiki hatari iko karibu zaidi, kwa kuwa gurudumu la nyuma na mnyororo viko wazi sentimita chache kutoka kwa aliyeketi. Huko India na Pakistani madaktari wameandika mara nyingi kuhusu majeraha ya shingo ya wanawake waliobebwa kwenye pikipiki, ushungi wao ukavutwa na gurudumu. Kuichomeka ncha ndani ya jaketi hakutoshi, maana upepo una saa nzima ya kuichomoa na wewe huoni nyuma yako.

Kuna hatari nyingine ya unene, nayo haionekani. Mkanda wa helmeti unatakiwa ukae moja kwa moja chini ya taya. Ukiufunga juu ya mikunjo ya sufu utahisi umekaza, lakini sufu inabonyea. Siku ya ajali kile kilichobonyea kinakuwa nafasi, na helmeti inaweza kuchomoka. Funga mkanda kwanza kwenye ngozi au juu ya kitambaa kimoja chembamba, halafu vuta ukingo wa skafu upite nje ya mkanda. Hali ni hiyo hiyo kwa kofia ya kufunika kichwa chote inayoacha macho tu, ile ambayo wengi huiita ninja. Ikiwa nyembamba ni nzuri sana: inaziba pembe za chini ya masikio kuliko kitu kingine chochote. Ikiwa nene inaibana helmeti, na baada ya nusu saa kipaji cha uso kinauma kiasi cha kukupotezea umakini. Na mtu asije akanunua helmeti kubwa ili ninja nene ienee, kwa sababu majira yakibadilika atabaki na helmeti inayocheza kichwani.

Sasa ukungu, ambao naona ndio unaokuhatarisha zaidi kuliko baridi yenyewe. Pumzi unayotoa imejaa mvuke na ina joto la zaidi ya nyuzi 30. Kioo cha helmeti asubuhi hiyo kiko karibu na sifuri. Mvuke ukikigusa unageuka matone papo hapo. Skafu ya sufu uliyoipandisha hadi puani haiichuji pumzi. Inaifungia njia ya mbele, na pumzi inatafuta upenyo wa karibu, ambao ni kandokando ya pua kwenda juu. Yaani umeielekeza kwenye kioo kwa mikono yako.

Ukiwa na helmeti ya kufunika uso mzima, skafu iishie kwenye mdomo wa chini. Pua na mdomo wa juu viache wazi. Utaona kama ni wazimu, lakini ukishaziba chini ya kidevu, hewa ndani ya helmeti inatulia na pua haihitaji kufunikwa tena. Kuziba huko kuna vifaa viwili vya bei ndogo ambavyo huenda helmeti yako ilikuja navyo kwenye boksi ukavitupa. Cha kwanza ni pazia la kidevu, kitambaa kinachochomekwa ukingo wa chini wa helmeti na kufunga nafasi kati ya taya na koo. Cha pili ni kikinga pumzi, kipande cha mpira au plastiki kinachokaa juu ya pua na kuisukuma pumzi ielekee chini na mbele. Pazia likiwekwa bila kikinga pumzi, ukungu unaweza hata kuongezeka, kwa sababu umepunguza hewa inayozunguka. Viweke vyote viwili.

Dawa kamili ya ukungu ni kioo cha pili cha ndani. Kinachojulikana zaidi kinaitwa Pinlock: karatasi ngumu ya plastiki inayobanwa na vijiti viwili vidogo upande wa ndani wa kioo, ikiwa na uzi wa silikoni kuzunguka ukingo wake. Kati ya vioo viwili hubaki tabaka jembamba la hewa, hivyo cha ndani hakipoi kama cha nje. Angalia kama kioo chako kina vijiti hivyo. Vioo vingi vya siku hizi vinavyo. Ukishakifunga, kitazame dhidi ya mwanga. Uzi wa silikoni unatakiwa uwe umegusa kioo duara zima bila kukatika. Ukiona sehemu ambapo mstari wake umefifia, mvuke utaingia hapo na kunasa katikati, na hutaweza kuufuta ukiwa safarini. Vijiti hivyo kwa kawaida huzungushwa kidogo ili kukaza. Sabuni ya vyombo, mate, viazi na mengineyo ambayo watu hupaka kwenye kioo yanasaidia dakika kadhaa, kisha yanaacha utando unaotawanya mwanga wa taa za magari. Alfajiri hiyo hutaki.

Kwa mwenye miwani, vaa helmeti kwanza, miwani baadaye, na kofia nyembamba isipite juu ya pua kabisa. Matundu ya hewa ya kipajini yafunge. La kidevuni liache wazi kidogo kama linapuliza kuelekea kwenye kioo. Kama linapuliza mdomoni moja kwa moja, lifunge. Ukisimama kwenye taa, inua kioo kwa upana wa kidole kimoja kabla hujaona ukungu, si baada.

Wenye helmeti ya uso wazi watanisamehe, kwao nina machache. Wao wanahitaji miwani mikubwa ya kuzuia upepo na kinyago kinachofunika pua na mashavu, chenye matundu mbele ya mdomo. Wakisafiri barabara kuu kwenye nyuzi 0 ningewashauri wabadilishe helmeti tu.

Umesema shingo inakakamaa, ukalitaja kwa kupita. Mimi nalihesabu kuwa ndiyo sababu kubwa ya kulishughulikia jambo hili. Mtu mwenye baridi shingoni hupandisha mabega hadi masikioni bila kujua na kuyafunga hapo. Baada ya nusu saa misuli haikubali kugeuka, na kinachofuata ni kuviamini vioo vya pembeni peke yake anapohama njia. Gari lililo ubavuni kabisa halionekani kwenye vioo hivyo. Katika kufundisha, ishara ninayoitafuta kwa mwendeshaji aliyepoa ni kichwa kisichogeuka, kabla hata sijaangalia mikono. Ukisimama kwenye taa nyekundu, shusha mabega kwa makusudi, geuza kichwa pande zote mbili taratibu. Ukiona kinagoma, umeshachelewa kupumzika.

Huenda umesikia kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Si kweli. Kichwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya ngozi yote, na joto linalotoka hapo halizidi sana kiwango hicho. Ila usiniruke: mishipa ya damu ya kichwani haijibani sana kwa baridi kama ya vidoleni, kwa hiyo joto linaendelea kutoka mradi pako wazi, na uso una neva nyingi zinazohisi baridi haraka. Upande wa pili wa habari hiyo unakusaidia. Kifua kikiwa na joto, damu inayopanda shingoni na usoni ni ya joto. Kama safari yako inazidi saa moja, fulana ya umeme ya volti 12 inayochomekwa kwenye betri ya pikipiki huufanyia uso mema kuliko kitambaa cha tano. Kabla ya kununua, linganisha wati zake na uwezo wa alteneta yako, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa pikipiki, hasa kwa pikipiki ndogo, na hakikisha waya wake una fyuzi.

Usijipake mafuta usoni ukidhani yanazuia baridi. Mafuta mazito hupunguza ngozi kukauka na kupasuka, basi. Uchunguzi uliofanywa kwa askari wa Finland mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba waliotegemea mafuta ya kukinga baridi walipata madhara ya kuganda ngozi zaidi, si pungufu. Mafuta humfanya mtu ahisi yuko salama. Wenye ndevu ndefu nao wasijivune: pumzi huganda ndani yake, na barafu hiyo inakaa juu ya ngozi.

Hewa ikiwa juu ya sifuri ngozi haigandi hata upepo ukali vipi. Utapoa, utaumia, lakini haigandi. Ikishuka chini ya sifuri, chunga doa jeupe au la kijivu lisilo na hisia kwenye shavu, ncha ya pua au sikio. Maumivu yakikoma ghafla mahali palipokuwa pakiuma, hiyo ni habari mbaya. Simama, ingia ndani, weka kiganja chenye joto juu yake na utulie. Usisugue, na usipake theluji kama wazee wa zamani walivyoshauri. Hisia isiporudi ndani ya nusu saa hivi, au malengelenge yakitokea, nenda hospitali. Mwenye pumu ajue pia kwamba hewa baridi na kavu inaweza kumbana kifua, na afadhali apumue kwa pua.

Wako wanaoamini upepo wa pikipiki hupindisha uso. Kupooza upande mmoja wa uso kunahusishwa zaidi na virusi vya malengelenge vinavyoamka ndani ya neva, na mchango wa baridi haujathibitishwa. Likikutokea, usikae nyumbani ukijifunika blanketi. Dawa zake hufanya kazi vizuri zikianzwa ndani ya saa 72, na daktari lazima kwanza ahakikishe si kiharusi. Kukiwa na mkono uliolegea au ulimi mzito, hiyo ni dharura ya dakika hiyo hiyo.

Kuhusu kubadilisha helmeti: fanya jaribio la kidole kwanza, nunua skafu ya mviringo inayozuia upepo, weka pazia na kikinga pumzi, uendeshe hivyo siku kadhaa. Baada ya hapo, kama bado unahisi upepo mashavuni, ishike helmeti kidevuni uitikise. Ikicheza bila ngozi ya mashavu kusogea nayo, sponji zimelegea. Kwa helmeti nyingi sponji za mashavu huuzwa peke yake, na zikibadilishwa upepo hukoma. Ikiwa helmeti imeshafikisha kama miaka mitano, au imewahi kuanguka na kugonga kwa nguvu, hapo nunua mpya, na uende dukani ukiwa umevaa kitambaa kile chembamba utakachokuwa ukivaa asubuhi.